Swali Baada ya Salamu

Jumatano, siku ya tatu baada ya Idi Kubwa, mama yangu alifariki akiwa amekaa kwenye benchi ya kusubiri ya zahanati. Hakuwa amelazwa, wala hakuwa ametundikiwa dripu. Alikuwa amekaa, mkoba mapajani, mtandio kichwani, baba kando yake. Baba alidhani amesinzia. Nyumbani Kisugu, hapa Kampala, nyama ya Idi ilikuwa bado imo kwenye sufuria.

Zahanati ile sitaitaja. Ilikuwa ndogo, ya mtaani, na muuguzi aliyempokea alikuwa msichana wa umri wangu. Mimi sikuwapo. Nilikuwa mbali, namalizia mafunzo ya cheti cha uuguzi, nikijifunza kupokea wagonjwa wa watu wengine. Ninachokijua alinisimulia baba, mara moja tu, tukiwa tumekaa mkekani baada ya wageni wa matanga kuondoka.

Alisema yule msichana alikuwa na adabu. Alimwamkia mama kwa Kiganda, umelalaje, bibi. Mama akajibu, "Bulungi, alhamdulillahi," yaani vizuri, akamwuliza na yeye amelalaje, na nyumbani kwao hawajambo? Msichana akajibu wote hawajambo, akamwonyesha benchi. Mama akaenda kukaa. Kifua kilikuwa kinambana tangu alfajiri, na ndicho kilichowatoa nyumbani, lakini hakukitaja.

"Alisalimiwa, akaitikia," baba alisema. "Mama yako alilelewa hivyo."

Sisi ni Waswahili wa Kisugu. Babu zetu walikuja na biashara kutoka pwani, na ingawa sasa tunaota kwa Kiganda na tunapika matoke, nyumbani salamu imebaki ile ile. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Unasema nzuri hata kama hujalala. Shida inasubiri mpaka mgeni amekaa, amekunywa chai, ameuliza tena kwa sauti ya chini. Bibi yangu siku aliyokata roho aliulizwa hali na akasema afadhali. Na Waganda nao ni vivyo hivyo, salamu zao ni ndefu kuliko zetu. Kwa hiyo pale mlangoni walikutana watu wawili wenye adabu, na hakuna aliyekosea neno hata moja.

Nimeyafikiria hayo mara nyingi. Sikuweza kumchukia yule msichana. Ningependa kusema ni kwa sababu nina moyo mzuri, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka mno hata nisiweze kumchukia mtu nisiyemjua sura.

Baada ya khitma ya arobaini nikapata kazi. Ilikuwa hospitali ya watu binafsi upande wa Kansanga, jengo la ghorofa tatu, kando ya barabara ya Ggaba. Niliomba wodi ya wazazi. Nikawekwa meza ya mapokezi, mlangoni, kwa sababu wapya wote huwekwa hapo.

"Huku ndiko tulikoanzia sote," sista mkubwa aliniambia siku ya kwanza. Alikuwa Mganda mnene, karibu kustaafu, mwenye raba nyeupe miguuni na miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alisema nami kwa Kiganda. Naandika kwa Kiswahili. "Juu kuna mashine, kuna madaktari. Hapa kuna wewe na mtu aliyetoka barabarani. Usiogope. Ila usisinzie."

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mgonjwa anaingia, anakaa kwenye kiti mbele ya meza. Nampima joto, nampima presha, namwekea kile kidude cha kubana kidoleni, anapanda mizani. Namwuliza anaumwa nini, tangu lini. Kisha nambandika kibandiko kifuani. Chekundu maana yake aingie kwa daktari sasa hivi, hata kama kuna mtu ndani. Cha njano, awe wa karibu. Cha kijani, akakae kwenye benchi ya dirishani angoje zamu.

Ilikuwa kazi ya kusimama na kuinama. Mlango uko wazi kutwa, vumbi la barabara linaingia, na asubuhi baa za jirani zinakuwa bado hazijazima muziki wa jana. Jioni nilikuwa napanda kilima cha kurudi Kisugu viatu mkononi. Nikifika navua mtandio, nakaa kitandani, na mara nyingi naamka nikiwa bado nimevaa sare.

Kosa langu la kwanza lilikuwa vibandiko. Sikuweza kubandika kijani. Mtu ana mafua ya siku mbili, presha nzuri, joto zuri, mkono wangu unakwenda kwenye karatasi ya njano. Kijana amejikwaa dole, njano. Mama kaja kuchukua majibu yake tu, njano. Nilikuwa nikiitazama ile benchi ya dirishani, mbao zake zimepakwa rangi ya krimu, safi, haina ubaya wowote, na nikashindwa kumtuma mtu kwenda kukaa pale.

Daktari alikuja nje kwa hasira. Sista mkubwa akamtuliza, kisha akaja kwangu, akaegemea meza.

"Leo Kampala nzima ni ya njano?"

Niliigeuza karatasi ya njano kifudifudi.

"Ukiwapa wote njano, mwanangu, hakuna aliye wa njano. Unaelewa? Umewarudisha wote kwenye foleni moja, kama tunauza sukari."

Nikasema nimeelewa. Kesho yake nikafanya vile vile.

Walinipa jina, Afande. Lilianza hivi: kijana mmoja wa boda, goti limechunika, alikataa kukaa. Alizunguka mbele ya meza akipiga kelele kwamba yeye ni mtu wa haraka, pikipiki yake iko nje, ikiibwa nani atamlipa. Nilikuwa nimechoka na nikasahau niko wapi, nikamwambia kwa Kiswahili cha nyumbani, polepole, "Kaa kitini, ndugu yangu, unyooshe mguu." Akakaa hapo hapo, akanyoosha mguu, akavua na kofia. Hapa Kampala watu wazima wengi walikisikia Kiswahili kwanza kwa mwanajeshi au polisi kizuizini, na watoto wao wamerithi woga wenyewe bila kuuliza umetoka wapi.

Mlinzi wa getini, Mkenya kutoka upande wa Busia, alicheka mpaka akashika ukuta. "Haki ya nani, dada, umemkamata bila pingu."

Tangu siku hiyo sista mkubwa akiona mtu anasumbua anaita, "Afande, mwambie kwa ile lugha yako." Nami namwambia, na anakaa. Mimi hiyo ndiyo lugha ambayo mama alinibembelezea. Sikuwaambia.

Basi ikaja asubuhi ya yule bibi. Aliingia peke yake, gauni la gomesi, mshipi umefungwa vizuri, kikapu mkononi. Alipofika mbele ya meza akapiga magoti kunisalimia, kama wanawake wa Kiganda wa zamani wanavyofanya, hata kwa mtu mdogo kwao akiwa na cheo au sare. Mimi huona haya nikipigiwa magoti. Nikamwitikia haraka haraka, amelalaje, salama, na nyumbani, salama, na watoto, salama, huku nikitazama pembeni ili ainuke bila mimi kumtazama. Kisha nikaanza kumfunga mkanda wa presha mwanamume aliyekuwa kitini.

Sista mkubwa alikuwa anapita na trei. Akasimama.

"Unamwacha nani hapo chini?"

"Ananisalimia, sista."

"Salamu imeisha zamani. Mtazame."

Nikamtazama. Bibi alikuwa bado amepiga magoti, uso umetulia, anatabasamu kidogo. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mguu wa meza. Ulishika kwa nguvu hata kucha zimekuwa nyeupe. Hakuwa ananiheshimu tena. Alikuwa ameshindwa kuinuka, na alikuwa anaona aibu kusema.

Tulimwinua wawili. Presha yake ilikuwa chini mpaka mashine ikajaribu mara mbili kabla ya kutoa namba. Alikuwa anatokwa damu tumboni kwa siku kadhaa. Aliniomba radhi kwa kunisumbua. Alipona, nilimwona akitoka na kikapu chake wiki ile ile, na alitaka kunipigia magoti tena, nikamshika kiwiko kabla hajafika chini.

Siku hiyo mchana sista mkubwa alinikuta nyuma, penye masinki, nimefungulia maji nikiyatazama tu. Akafunga bomba.

"Haya, niambie."

Nikamwambia habari ya mama. Nilimwambia kwa maneno machache, kama nilivyoyaandika hapa mwanzo. Alikuwa ameshika kikombe cha chai na hakunywa.

"Bambi," alisema. Ni neno la Kiganda la kumwonea mtu huruma, na mara nyingi halifuatwi na lingine. Baadaye akasema, "Kwa hiyo ndiyo maana ya njano."

"Ndiyo, sista."

"Hata ukiwabandika wote njano mpaka ustaafu, mama yako harudi. Sikwambii hivyo kukuumiza."

"Najua."

"Hujui. Sikiliza. Salamu usiikate, ukiikata mtu anafunga mlango na hutapata kitu. Salimia mpaka iishe. Halafu uulize mara ya pili. Na hiyo mara ya pili usimwulize anaumwa nini, maana wengine kuumwa kwenyewe wanaona ni lawama. Mwulize, leo umeshindwa kufanya nini ambacho jana ulikiweza? Halafu unyamaze. Kazi yetu iko kwenye huko kunyamaza."

Alikunywa chai yake, akaona imepoa, akaimwaga.

Nilianza kuuliza hivyo. Mwanzoni nilihisi kama naigiza. Lakini watu walijibu. Mwanamume mmoja aliyesema hana neno, kichwa kidogo tu, alipoulizwa hivyo akafikiri, akasema ameshindwa kufunga vifungo vya shati. Mama mmoja alisema ameshindwa kumwinua mtoto. Dereva wa lori alisema ameshindwa kusoma kibao cha njiani alichokipita miaka yote. Na wengine walisema hawajashindwa kitu, wanaweza yote, ila wamechoka kukohoa. Hao nikawabandika kijani, nikawatuma dirishani. Kila baada ya muda niliinua kichwa kuwatazama pale walipokaa. Bado natazama mpaka leo.

Nyumbani sasa.

Baba ni fundi cherehani wa kanzu. Kibanda chake kiko soko la Owino, ndani kabisa, baada ya mitumba ya makoti. Kushona kwa mashine ni kazi ya wengi. Sifa yake yeye ni ile tarizi ya mkono kifuani, nyekundu, ambayo bwana harusi akiivaa haoni aibu kupigwa picha. Macho yake hayakuwa mazuri kwa muda mrefu, kwa hiyo kutunga uzi ilikuwa kazi ya mama. Kila siku baada ya kuosha vyombo alikaa na sindano zake, akazitunga uzi zote, nyekundu na nyeupe, akazichomeka kwenye kipande cha godoro alichokikata mraba, akakiweka kwenye mkebe wa biskuti. Asubuhi baba anaondoka na mkebe, jioni anarudi nao, sindano zikiwa hazina uzi. Ndoa yao niliyoiona mimi, sehemu kubwa ilikuwa hiyo.

Mama alipofariki nilitaka kuichukua kazi hiyo. Baba akasema, "Wacha. Wewe unarudi umechoka. Nitatunga mwenyewe kule kule."

Nikaona mkebe unatoka na kurudi. Siku moja niliufungua. Sindano zilikuwa zimechomekwa vile vile kama zilivyoachwa, na nyuzi za mama zilikuwa bado zimo tunduni. Sikujua kama baba hazitumii kwa sababu ya huzuni au kwa sababu nyingine. Niliufunga.

Kisha yakaja mambo ambayo yalikuwa kwenye mtihani wangu. Baba alianza kunywa maji. Jagi linajaa, jagi linaisha, na anajaza tena kabla chakula hakijaiva. Akawa anatoka uani kila mara. Na kanzu yake, niliyokuwa naifua mimi, siku moja nikiianika nikaona mshono mpya ubavuni. Alikuwa ameipunguza, kwa ustadi, pande zote mbili, nisione.

"Baba, umepunguza kanzu."

"Ilikuwa pana."

"Miaka yote ilikuwa inakutosha."

"Fundi akijishonea hukosea kipimo. Nimerekebisha."

"Njoo kazini kwangu upime sukari. Nitakutoboa kidole tu, basi."

Akanionyesha kidole, kimejaa vitobo vidogo vya miaka. "Hiki kimetobolewa kuliko nguo nilizoshona. Hakina jipya la kukwambia."

"Basi hata hapo duka la dawa."

Akaacha mzaha. "Nimeshakaa kwenye benchi mara moja, mwanangu. Imenitosha."

Nikaibana kanzu kwenye kamba. Vipimo vya kazini ni vya hospitali, siwezi kuvibeba. Na hata ningeweza, ningemshika mkono kwa nguvu baba yangu mzima? Nilijua sukari ikiachwa inakwenda wapi: macho, figo, miguu kufa ganzi. Nilikuwa nimezika mmoja kwa sababu ya kusema hajambo. Nilichokuwa nakitaka ni kimoja, baba aseme kwa mdomo wake mbele ya mtu anayeweza kumsaidia kwamba yeye si mzima. Kila asubuhi nilimwamkia, nikamwuliza habari, akasema alhamdulillahi, mzima. Lile swali la pili nililokuwa nawauliza watu wa njiani sikuweza kumwuliza yeye. Nililijaribu mdomoni nikiwa napanda kilima na likawa linasikika kama utovu wa adabu.

Siku aliyokuja, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mvua ikinyesha watu hawaji, halafu ikikatika wanakuja wote pamoja. Sakafu ilikuwa tope tupu, mfagiaji anapiga deki nyuma ya kila anayeingia na kunung'unika. Nilikuwa peke yangu mezani. Niliinua kichwa kuitazama benchi ya dirishani, kama kawaida yangu, na nikaona kofia ninayoifahamu. Niliifua mimi.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mgongo umenyooka, mikono magotini. Hakuwa amepita mezani. Alikuwa ameingia akaenda moja kwa moja kukaa pale ambapo alijua watu hukaa. Mlinzi wa getini alinieleza baadaye kwamba alimwuliza mzee anamtafuta nani, naye akasema hamtafuti mtu, amekuja kama wengine.

Nilimaliza niliyekuwa naye. Kisha nikamwita aje kitini. Baba akainuka, akaangalia waliomzunguka. Mama mmoja mwenye gauni la bluu, ambaye zamu ilikuwa yake, akampungia mkono apite. Akaja. Alikuwa anatembea kama mtu anayevuka chumba chenye mtoto aliyelala.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibu ukae, mzee wangu."

Akakaa. Nyuma yake watu walikuwa wananyamaza ili wasikie, si kwa ubaya, bali kwa sababu foleni ni ndefu na hakuna la kufanya.

"Habari za asubuhi?"

"Alhamdulillahi. Nzuri."

"Hujambo wewe?"

"Sijambo. Mzima."

Ndivyo alivyosema, na mkanda wa presha ulikuwa mkononi mwangu. Niliiacha salamu iishe. Niliuliza na za Owino, akasema nzuri, mvua tu. Halafu nikasema, "Baba, leo umeshindwa kufanya nini ambacho jana ulikiweza?"

Akanitazama. Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikiuliza kitu kwa sauti ile, nami pia sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani kwetu. Nikanyamaza. Mtu nyuma alikohoa. Baba akageuza shingo, akaitazama ile benchi, akarudi kunitazama, akatia mkono mfukoni. Alitoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, akakifungua juu ya meza yangu. Ndani yake kulikuwa na sindano.

"Hii iliniponyoka juzi kibandani," alisema. "Nikaitafuta chini, sikuiona. Nikachukua nyingine."

"Enhe."

"Leo natawadha, nimeikuta."

"Umeikuta wapi?"

"Mguuni. Imepita soli ya ndara, imeingia chini ya kidole gumba. Nimetembea nayo Owino, nimerudi nayo nyumbani, nimelala nayo."

"Haikuuma?"

"Haikuuma," baba alisema. "Ndiyo nimekuja."

Nilizunguka meza nikapiga magoti, nikamvua viatu. Soksi ya mguu ule ilikuwa imeshikana na ngozi na nikaimwagia maji ya chumvi ili iachie. Kidole kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na pembeni kimeanza kuwa cheusi. Harufu ilikuwepo. Yeye alikuwa anatazama mbele, juu ya kichwa changu, kama mtu anayenyolewa.

"Nipe kidole cha mkono," nilimwambia.

Akanipa kidole kidogo cha kushoto. "Hicho. Vingine ni vya kazi."

Nikakitoboa. Tone la damu likapanda kwenye kipimo. Mashine haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili, ambazo maana yake ni kwamba sukari imepita pale mashine inapoweza kuhesabu. Nikarudia kwa kipimo kingine, zikaja herufi zile zile.

Sista mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu lini. Alitazama mguu, akatazama mashine, akatutazama sura zetu mbili. Akachukua karatasi ya vibandiko mezani na kumbandika baba chekundu kwenye kanzu, yeye mwenyewe, akikilainisha kwa kidole gumba.

"Mzee, pole," alimwambia. Kisha akaniambia mimi, "Huyu sasa si mgonjwa wako. Wewe ni mtoto wake. Ingia naye ndani, au baki mezani. Nitakaa mimi hapa ukitaka."

Nilisimama na kiatu mkononi.

Baba ndiye aliyejibu. "Abaki. Watu wanasubiri."

Mlinzi alileta kiti cha magurudumu. Baba alikitazama kidogo, akakikubali. Kabla hajasukumwa aliikunja sindano kwenye kitambaa chake, akanipa. "Itie kwenye mkebe," alisema. Mlango wa daktari ukafunguliwa, ukafungwa.

Niliviweka viatu vyake chini ya meza yangu, pamoja. Nikapangusa kiti kwa spiriti. Nikampandisha mtu mmoja mizani, nikampima mwingine joto. Nilikuwa naona namba naandika, na namba zilikuwa sahihi, nilizihakiki baadaye. Muda ukapita. Daktari alitoka, akaja mpaka mezani, jambo ambalo hafanyi. Alisema wanamlaza, wameshamwanzishia dripu na dawa. Mguu anadhani utabaki. Kidole hakukiahidi.

"Nani amemwambia aje leo?" aliuliza.

"Amekuja mwenyewe."

"Wiki moja zaidi ingekuwa mazungumzo mengine," alisema, akarudi ndani.

Aliyefuata alikuwa yule mama wa gauni la bluu aliyemwachia baba zamu. Alikaa kitini, akaweka mkoba wake mapajani. Alikuwa ameona yote. Hakunipa mkono wa kupima presha kwanza.

"Musawo," alisema kwa sauti ya chini, kwa jina hilo ambalo hapa hupewa yeyote aliyevaa nguo ya hospitali, "baba yako hajambo?"

"Hajambo," nilisema. "Alhamdulillahi."

Alinitazama, akanyamaza, akaendelea kunitazama. Kisha akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akaulaza mezani, nami nikamfunga mkanda.